Ndivyo Nilivyolelewa

Mara nyingi twasikia mtu mzima, akilaumiwa kwa tendo lake, akijibu, "Mwanishutumu bure, ndivyo nilivyolelewa." Wasikilizaji hunyamaza, kwani neno hilo lina nguvu, na methali ya samaki kukunjwa angali mbichi yaonekana kumtetea. Je, malezi yaweza kumwondolea mtu lawama? Twaona vema kulipima jambo hili kwa wadudu, ambao wataalamu wamewachunguza kwa miaka zaidi ya mia.

Mwaka 1916 Andrew Delmar Hopkins, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, alisema kwamba mdudu aliyekulia katika mti wa aina fulani huelekea kutaga katika mti wa aina ile ile, ingawa mingine nayo yamfaa. Mwaka 1939 W. H. Thorpe wa Cambridge, Uingereza, alitangaza habari za nzi wadogo wa matunda waliolelewa, wangali mabuu, katika chakula chenye harufu ya mnanaa. Nzi wa kawaida huichukia harufu hiyo. Hawa hawakuikimbia kama wenzao. Ikadhaniwa neno limekwisha.

Halikwisha. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba nzi waliozuiwa wasikutane na mabaki ya harufu wakati wa kutoka gandani hawakuipenda mnanaa kuliko wenzao. Kumbe si utoto uliowafundisha, bali ganda lililonuka, walilolinusa saa ile ya kwanza ya utu uzima wao.

Basi je, utoto hausemi kitu? Wasema. Mwaka 2008 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, walitangaza habari za viwavi wa tumbaku waliopigwa umeme kidogo kila waliponushwa dawa moja yenye harufu kali. Baada ya majuma kadhaa, viwavi wakiisha kuwa nondo, karibu 77 katika kila mia waliikwepa harufu ile. Na hapa mabaki hayawezi kusingiziwa, kwa kuwa pupa ziliogeshwa. Tena pupa za viwavi wasiofunzwa zilipakwa dawa ile, lakini nondo wake hawakuiogopa. Mwili wa kiwavi huvunjwa na kujengwa upya ndani ya pupa, miguu, midomo na sehemu kubwa ya ubongo, lakini fundisho lilivuka.

Lakini fundisho hilo lilivuka kwa viwavi waliofunzwa katika hatua ya tano, ya mwisho. Waliofunzwa mapema, katika hatua ya tatu, walijifunza vizuri na kukumbuka muda wote wa uviwavi; walipokuwa nondo, hawakuonyesha dalili ya kukumbuka. Twakiri kwamba habari hii ilitukera kidogo, sisi tuliozoea kuwahimiza wazazi kwamba la mapema ndilo lidumulo.

Mtu si nondo, wala hatutaki kumhukumu kwa sheria ya nondo. Ila anayejitetea kwa malezi yampasa kwanza atuambie anasema habari za kiwavi au za ganda. Yuko mtu mkali kwa mkewe kwa sababu kipigo cha babaye kimezama ndani yake; huyo twamhurumia, na lawama yake yapungua, wala haiishi. Na yuko mwingine asiye na kovu lolote, ambaye kila jioni hukaa na wenzi wasifuo ukali huo, akarudi nyumbani na harufu yao. Huyu naye husema, "ndivyo nilivyolelewa," ingawa alelewaye ni leo, na kwa hiari yake. Kwa hesabu yetu hawa wa pili ni wengi kuliko wa kwanza, na ni wepesi zaidi wa kuitaja methali.

Nondo hakuchagua dawa ile, wala hakuna awezaye kumwuliza kwa nini aikwepa. Yule wa barazani aweza kuulizwa jana jioni alikaa na nani.