Jumanne: Akili Zilipomrudia

Soma Mithali 23:29–35. Mlevi anayeelezwa hapa amepigwa, ana majeraha, macho ni mekundu. Hata hivyo, akizinduka tu, anawaza kikombe kingine. Wengi hudhani kwamba mtu akishaumia vya kutosha ataacha mwenyewe. Mafungu haya yanaonyesha sivyo.

Linganisha na Luka 15:17–24. Mwana mpotevu naye ameumia, lakini palepale kwenye nguruwe nia yake inageuka. Anaikumbuka nyumba ya baba yake, anapanga atakachosema, ndipo anaondoka. Bado ana njaa, bado ananuka. (Vivyo hivyo, nia iliyogeuka haiondoi mtetemeko wa siku za kwanza bila pombe. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi anahitaji pia daktari.)

Lakini kuna jambo moja alilowaza vibaya: kwamba atapokewa kama kibarua. Baba anaagiza vazi na pete kabla hajafikia ombi hilo.

Aliyeacha pombe mwezi huu akiketi katika darasa lenu Sabato asubuhi, ataitwa kwa jina lake, au kwa yale aliyoyaacha?