HAKI YA MWENYEJI JUU YA MGENI WA USIKU MMOJA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu msomaji, haki ya mgeni juu ya mwenyeji twaijua sote. Twasomeshwa chuoni tungali wadogo ya kwamba anayemuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho yampasa amkirimu mgeni wake. Ya kwamba takrima yake khasa ni ya mchana mmoja na usiku wake, na ukarimu ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka. Twakijua na kisa cha Nabii Ibrahim (a.s.), aliyeingiliwa na wageni asiowajua, naye asiwaulize watokako, bali akaenda kimya kwa watu wake akarudi na ndama aliyenona. Haya twayasema mimbarini na twayapenda, khasa tunapokuwa sisi ndio wageni.

Lakini haki ya mwenyeji juu ya mgeni ni wangapi wetu walioizingatia? Mafunzo hayo hayo ya Mtume (s.a.w.) yana mwisho wake, nao ni kumkataza mgeni asikae kwa mwenyeji wake hata akamtia dhiki. Wengi wetu hufahamu ya kuwa dhiki hiyo ni ya chakula na ya siku tu. Mimi nimefunzwa na safari moja ya usiku mmoja ya kwamba iko dhiki nyengine, ambayo mgeni aweza kumtia mwenyeji wake akiwa amekwisha ondoka, hata baada ya miezi. Nayo ni dhiki ya ulimi.

Mwaka jana kijana mmoja wa darasa letu hapa Galu alitaka kuoa kwa watu wa milima ya Usambara, upande wa Tanga. Tukaenda kuposa watu wanne: kijana mwenyewe, ami yake, dereva, na mimi. Tulivuka Lungalunga na Horohoro, tukashika njia ya Tanga, Muheza na Korogwe, na tulipofika Mombo tukaanza kupanda. Mtu wa pwani akipanda njia ile ya Soni na Lushoto huona kana kwamba ahama dunia. Minazi yaondoka machoni, joto lapungua, mabonde yafunguka chini ya barabara, yamejaa migomba, na vitalu vya kabichi na viazi vimepangwa kama safu za wasalio. Baada ya Lushoto tuliiacha gari tukashuka kwa miguu katika bonde, na magharibi ikatukuta mlangoni kwa mwenyeji wetu. Posa ikakubaliwa kwa wema. Tukala, tukalala, tukasali alfajiri pamoja nao kwa maji ya baridi yasiyo mfano, tukarudi zetu.

Nilipofika nyumbani wazee walinikuta barazani wakaniuliza khabari za huko. Nami nikawapa khabari. Nikasema: tumepewa maharagwe yasiyoonja nazi, na kuku mmoja kwa watu wanne. Nikasema: wenyeji hawakukaa kula nasi, sijui ndiyo desturi yao au ni kujiona. Nikasema: tulipomaliza kula tu, mzee akachukua taa akatuambia tulale, kama watoto wa chuo. Baraza zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Wallahi sikusema uwongo hata neno moja. Na hilo ndilo lililonidanganya.

Ndoa ikafungwa, mke akaletwa Galu. Haikupita miezi mitatu, kijana akanijia baada ya Isha, na mkewe nyuma yake. Walikuwa wametoka arusini, na huko wanawake walikuwa wakicheka khabari za watu wa mlimani wapikao maharagwe bila nazi na kuwalaza wageni kwa amri. Mke hakujua kwanza ya kuwa anayechekwa ni babake. Alipojua, aliuliza khabari hiyo imetoka kwa nani.

Akaniambia kwa adabu, uso wake chini: "Sheikh, kwetu minazi haioti. Nazi yapatikana mjini kwa pesa, na siku ile pesa hazikuwako. Kuku yule alikuwa akilalia mayai. Babangu hakula nanyi kwa sababu chakula kile hakikutosha watu watano. Na taa aliichukua kwa kuwa mafuta yalikuwa yamebaki kidogo, akataka yawafae nyinyi mkiamka usiku."

Nikanyamaza. Akaongeza neno moja: "Na mablanketi manne mliyojifunika ndiyo yote yaliyokuwamo nyumbani. Sisi tulilala jikoni, tumeyazunguka mafiga."

Ndugu msomaji, mimi ni mtu niliyesomesha mlango wa ghiba kwa zaidi ya miaka 15. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi ya kuwa ukimtaja nduguyo kwa analolichukia na likawa ni kweli, hiyo ndiyo ghiba yenyewe. Likiwa si kweli, umemzulia. Nikijua ya kuwa ukweli si udhuru. Lakini nilikuwa nikidhani hukumu hiyo ni ya majirani na mahasimu. Haikunipitikia ya kuwa mtu aweza kumla nyama mwenyeji wake, na kwa jina la kutoa khabari za safari.

Tena tazama yale niliyoyashuhudia. Jicho langu liliona sawasawa: maharagwe, kuku mmoja, mzee asiyekula, taa iliyoondoka. Lisiloyaona ni sababu zake, na kila pahala palipokosa sababu mimi nilitia dhana, na kila dhana niliyoitia ilikuwa mbaya. Kwa nini isiwe nzuri hata moja? Usiku mmoja watosha kuona; kujua hautoshi. Na mwenye kuona asijue, akiba yake ni dhana njema au kunyamaza.

Mtu aweza kuuliza: Je, msafiri asisimulie aliyoyaona? Twajibu: La, si hivyo. Qur'ani yenyewe yatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame. Na sisi watu wa pwani ni wa mwisho kulaumu masimulizi ya mgeni wa usiku mmoja, kwa kuwa mgeni kama huyo ametufaa sana. Mwaka 1331 alifika pwani yetu msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, mtu wa kabila la Lawata katika Mabarbari. Mombasa alilala usiku mmoja tu, kisha akashika njia ya Kilwa. Kitabu chake kilikamilika mwaka 1355, yaani zaidi ya miaka 20 baadaye, naye alikuwa angali akikumbuka. Amesimulia ya kuwa watu wa Mombasa ni watu wa dini na uaminifu. Ya kuwa misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa imara. Ya kuwa mlangoni pa msikiti pana kisima, mtu huosha miguu yake na kuipangusa kwa kipande cha jamvi kabla ya kuingia. Amesema chakula chao ni ndizi na samaki, na nafaka waletewa kutoka nje ya kisiwa. Hakuidharau ndizi wala hakucheka. Ushahidi huo wa usiku mmoja umetusimamia karibu miaka 700.

Lakini mtu huyo huyo, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifika Mali mwaka 1352. Aliambiwa kuwa takrima ya Sultani yamjia, akasimama akidhani ni mavazi na fedha. Ikaja mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka kwa dharau, na kicheko hicho pia kimeandikwa, na hata leo chasomwa. Mombasa alitazama wenyeji wana nini kwa Mola wao. Mali alitazama yeye amepewa nini. Mtu ni mmoja na kalamu ni moja; kilichogeuka ni nia ya jicho.

Mambo haya si ya zamani tu. Mabarbari wa milima ya Atlas, ambao wenyewe hujiita Imazighen, leo hupokea wageni wengi watokao Marrakech kwenda kulala usiku mmoja katika mabonde yao, kunywa chai, kupiga picha na kurudi. Na hapa kwetu Galu na Diani, mgeni atokaye hotelini huletwa kijijini kwa saa moja, akaipiga picha nyumba ya udongo na mtoto aliye kifua wazi, akaenda kuwaambia watu wake kuwa ameiona Afrika. Sisi huudhika, na ni haki yetu. Lakini mimi, niliyeudhika mara nyingi, nilikwenda mlimani nikafanya lilo hilo bila kamera.

Tena tuangalie na majina. "Barbari" ni jina walilopewa watu wale na wengine. Na sisi Wadigo pamoja na ndugu zetu wanane tuliitwa "Wanyika" na watu wa mijini, hata jina la Mijikenda likaenea tangu miaka ya 1940. Aliyewahi kuitwa jina la kudharauliwa hakupasa kumpa mwengine jina; na katika Suratul Hujurat tumekatazwa kuchekana na kuitana kwa majina mabaya kabla ya kuelezwa ya kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane.

Basi haki za mwenyeji juu ya mgeni nazihesabu tatu. Ya kwanza, amjue. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2023 tetemeko kubwa liliipiga milima hiyo ya Atlas, wakafa watu karibu 3,000, na vijiji vya mawe na udongo vikaanguka juu ya wenyewe. Asubuhi yake, katika wote waliowahi kulala huko, ni nani aliyeweza kuuliza: Je, fulani yuhai? Aliyelijua jina aliweza kuuliza. Mwenye picha tu hakuwa na la kuuliza. Nami mtoto aliyetushikia taa kwenda kutawadha alfajiri ile, sikumuuliza jina lake.

Ya pili, alichopewa akipime kwa mkono uliotoa, asikipime kwa tumbo lililopokea. Ya tatu, amsitiri. Mwenyeji amekufungulia nyumba, umeona palipotoboka. Tundu hilo ni amana kama fedha iliyowekwa kwako.

Imebaki khabari ya kutubu. Wanazuoni wamekhitalifiana: wako wasemao ya kuwa aliyesengenya hana budi kumwendea aliyesengenywa amtake radhi, na wako wasemao, ikiwa neno halijamfikia, kumwambia ni kumuumiza mara ya pili, basi amuombee maghufira na amsifu pale pale alipomuumbua. Neno langu lilikuwa limekwisha mfikia binti, halijamfikia baba. Binti nilimtaka radhi usiku ule ule mbele ya mumewe, naye akanisamehe, Mwenyezi Mungu amlipe. Akaniomba babake asiambiwe, nami nikakubali. Kisha nikarudi kwenye baraza lile lile, kwa wazee wale wale, nikawapa khabari za mafuta ya taa na za mablanketi manne. Safari hii hakuna aliyecheka.

Lakini maneno ya kwanza yalikwisha toka barazani yakafika arusini, na hayo ya pili sijui yamefika wapi. Ndiyo maana nimeyaandika hapa, ili aliyesikia yale asikie na haya. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu hakupona kwangu, aliumia. Twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na atupe macho yenye dhana njema katika nyumba za watu.

Wabillahi tawfiq.