Kabla Hujaitwa

Bado sufuria ya uji iko motoni? Unga umeshakorogwa bakulini. Mwiko uko mkononi. Lakini mama hamimini. Anasubiri maji yachemke. Akiwahi, uji mbichi. Akijisahau, maji yamekauka.

Kusubiri huko kunanikumbusha Wagosi wa Kaya, Coastal Union ya Tanga yetu. Julai 2022, Arusha, fainali ya Kombe la Shirikisho. Mbele yao Yanga. Yanga iliyomaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja!

Saa chache kabla ya fainali, mchezaji afanye nini? Mazoezi yamekwisha. Kukimbia zaidi ni kujichosha. Kulala fofofo nako hakufai. Anafunga kamba za kiatu, anazifungua, anazifunga tena. Kazi iliyobaki ni kusubiri. Kusubiri bila kupoa. Kusubiri bila kuungua.

Wagosi wakaingia uwanjani. Yanga ile ile ikafungwa mara tatu, na mabao yote ni ya Abdul Suleiman Sopu. Yanga nao wakafunga matatu. Tatu kwa tatu. Kombe likaenda Jangwani, kwa Yanga, kwa penalti, na mimi, niseme ukweli, bado linaniuma.

Lakini hakuna aliyesema Wagosi waliingia wamepoa.

Wewe uliyeko stendi unangoja basi. Wewe unayengoja zamu shambani kwenye mkonge. Wewe wa usaili saa nne. Muda huu mdogo, kabla hujaitwa, unasubiri vipi?