Talaka ya Jukwaani

Katika mji kama wa Unguja, ambako dini na ngoma zimekaa mtaa mmoja tangu enzi za wazee wetu, liko suala ambalo huzuka kila vijana wanapokutana kufanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, nalo ni hili: mtu akisimama mbele ya hadhara, akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu juu ya jambo lisilokuwa, au akamwambia mwanamke anayecheza naye kwamba amemwacha, je, amefanya nini hasa? Ameapa kiapo cha uongo? Na ikiwa mwanamke yule ni mkewe wa ndoa, maana katika vikundi vyetu si ajabu mume na mke kucheza pamoja, je, pazia likishafungwa wanarudi nyumbani wakiwa mume na mke?

Wako wanaolicheka suala hili na kuliona la watu wasiojua sanaa. Mimi sioni la kuchekwa. Imepokewa katika hadithi mashuhuri kwamba nikahi, talaka na rejea ni mambo ambayo mzaha wake ni kweli, na kwa hiyo mwigizaji hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alikuwa akitania. Akitaka kusalimika, yampasa aoneshe kwamba alilolifanya si mzaha wala si uongo, bali ni jambo la jinsi nyingine. Na jinsi hiyo ipo. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tuliyokulia wengi wetu wa pwani, wametenga baina ya mwenye kutamka talaka na mwenye kuihikaya: mwalimu anayewasomea wanafunzi wake mlango wa talaka na kuyataja matamko yake moja baada ya moja hakumwacha mkewe, wala shahidi anayemweleza kadhi maneno aliyoyasema mume wa jirani hakumwacha wake. Wote wawili wametamka, na masikio yamesikia, lakini ndimi zao zilikuwa zimebeba neno la mtu mwingine. Najua wapo wanavyuoni wanaochelea kumtia mwigizaji katika kundi hili, kwa kuwa yeye hasemi kwamba fulani alisema, bali hujifanya ndiye fulani, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo naona kwamba jukwaa lenyewe, na taa, na kiti alichokilipia mtazamaji, vimekwisha kusema kwa niaba yake kwamba hizi ni habari za mtu mwingine. Huyu naye ni mwenye kuhikaya, ila anahikaya kwa mwili wake mzima.

Nimemtazama katika mazoezi kijana mmoja aliyepewa sehemu ya baba anayemdhulumu yatima mali yake, na ambaye katika onyesho la tatu humbidi aape mbele ya wazee kwamba hakuachiwa kitu na marehemu. Kila alipofika hapo alisita nusu ya pumzi, akatazama chini, kisha akakikamilisha kiapo. Na aliposhuka alinong'ona istighfari. Mwongozaji alimtaka aache kusita. Mimi ningalimwacha, kwa sababu nusu ile ya pumzi, iliyotokana na khofu yake mwenyewe ya Mungu, ndiyo iliyomfanya yule dhalimu awe mtu: ni nani kati yetu atakayeapa uongo juu ya mali ya yatima asihisi, japo kwa mpito wa jicho, kwamba yuko anayemsikia?

Pwani hii haikuwahi kuogopa masimulizi ya mambo yasiyothibitika. Utenzi wa Ras'l Ghuli, wenye vita na majabali ya watu ambao mwanahistoria hatawapata, umeghaniwa na watu wacha Mungu. Na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi kwa kuunasihi moyo wake kama mtu anavyomnasihi mwenziwe, hatukusikia kwamba alidaiwa ithibati. Al-Hariri wa Basra, mwanzoni mwa karne ya 12, alijitetea katika dibaji ya Maqamat kwa kukumbusha kwamba hakuna aliyezikataa hekaya za wanyama waliotiwa maneno vinywani, na kwamba amali huhukumiwa kwa niya.

Walakini utetezi huu una gharama, nayo wasanii wetu hawapendi kuitaja. Ikiwa msanii ni mwenye kuhikaya, basi ni shahidi, na shahidi ana sharti la uadilifu. Kisa kubuniwa hakumdhuru mtu. Kinachodhuru ni kutoa ushahidi wa uongo juu ya hali ya binadamu. Fikiria zile filamu za kanda zilizokuwa zikitoka Dar es Salaam kwa mafungu, ambazo ndani yake mwanamke aliyetoka nyumbani bila ya ridhaa ya mumewe hana budi kufikwa na ajali au maradhi kabla ya saa mbili kwisha, na mume akabaki analia kwa uzuri. Watungaji wake hudhani wanahudumia dini. Lakini Mwenyezi Mungu huwapa waja wake muhula, aghalabu mrefu, na dhalimu huzeeka kwa heshima huku aliyedhulumiwa akifa na haki yake kifuani. Basi mtungaji anayeharakisha adhabu ili tutoke ukumbini tumeridhika amemsemea Mungu jambo ambalo hakulitenda. Hiyo kwangu ni khatari kubwa kuliko kiapo cha jukwaani.

Linganisha na riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmin, msichana aliyeozwa mwanamume wa makamo, anamkimbia mumewe, jamaa zake wanamkataa, na anapata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo. Mwandishi hakumharakishia adhabu, wala hakumtakasa. Amemwacha aishi, akosee, apende, apoteze. Amil Shivji alipoifanya filamu, ikaoneshwa Toronto mwaka 2021, wengi walifurahia kwamba kazi ya kwetu imefika mbali. Nami nilifurahi, ila la Toronto kwangu ni dogo. Kubwa ni kwamba mtu wa Kikwajuni au Michenzani anaweza kumtazama Yasmin na kusema kwamba huyu namjua.

Katika tamthilia zetu sijui iliyoliingia suala hili la kweli na uongo kwa kina kuliko Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Mtungaji anatangulia kutuarifu kwamba Kinjeketile wake si yule aliyeishi Ngarambe wakati wa Maji Maji, bali ni kiumbe wa fikra. Kwa tamko hilo ametimiza uadilifu wa shahidi. Kisha anamfikisha mtu wake gerezani, neno lake juu ya maji ya kuzuia risasi limekwisha kuchukuliwa na makabila na kuwa kubwa kuliko yeye, watu wamekufa kwa kuliamini, na mwenzake Kitunda anamsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kukiri kungekuwa kweli. Naye anakataa, kwa kuwa anajua kweli hiyo itawafikia watoto wao ikiwa imegeuzwa kuwa hukumu kwamba waliopigana walikosea. Sijaweza kukata shauri nani kati ya wawili hao ana haki, na natamani mchezo huu uchezwe usiku mmoja pale Ngome Kongwe, kwenye zile ngazi za mawe ambako filamu za tamasha la Nchi za Jahazi zimekuwa zikioneshwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi wa fikihi wakaalikwa safu ya mbele pamoja na vijana wanaoandika, na baada ya mchezo wakaachiwa wakati wa kutosha wa kuhojiana.