Mvua Ikinyesha, Duara Si Lako

Jumamosi ya Januari 13, 2024, alfajiri, kundi la vijana liliingia kwenye machimbo ya dhahabu ya Ng'alita, wilayani Bariadi, mkoa wa Simiyu. Uchimbaji ulikuwa umezuiwa hapo kwa sababu ya mvua kubwa, na afisa madini wa mkoa alikuwa amewaonya. Ardhi ikaporomoka. Waokoaji waliambiwa kwamba waliofukiwa ni kama 19 au 20. Walipomaliza kuondoa kifusi walikuwa wametoa miili 22.

Ni rahisi kusema sikio la kufa halisikii dawa, tukaishia hapo. Lakini watu hawashuki duarani, yaani kwenye shimo la mchimbaji mdogo, kwa kuwa wamechoka kuishi. Wanashuka kwa sababu shimo lilisimama jana, na kwa macho linaonekana litasimama leo. Kwenye habari za miamba, macho ni shahidi mbaya.

Anayebisha aende Mwanza, asimame karibu na kivuko cha Kamanga, alitazame Jiwe la Bismarck. Kwa jinsi lilivyokaa juu ya mawe wenzake, mgeni anaweza kuapa kwamba litaanguka kabla ya jua kuzama. Halianguki. Mawe yale ya itale yalianza kuliwa na maji yakiwa bado chini ya ardhi: maji yalipenya kwenye nyufa, yakaozesha pembezoni. Baadaye mmomonyoko ukaondoa kila kilichooza, vikabaki viini vigumu vimepandana. Tunachokiona leo ni kile kilichokwisha kushinda mtihani.

Duarani mambo ni kinyume. Dhahabu ya kanda ya ziwa imo katika miamba ya kale mno, yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.7, lakini mchimbaji haufikii mwamba mzima kabla ya kupita tabaka lililooza. Juu ni udongo mwekundu, chini yake ni mwamba uliolainika hadi kuchimbika kwa moko (patasi ya mwamba) na nyundo bila baruti. Ulaini huohuo unaomrahisishia kazi ndio unaomning'inia kichwani. Kile ambacho mvua za miaka na miaka zilikiondoa Mwanza, duarani bado kipo, na mtu anapita chini yake.

Kiangazi, mfinyanzi mkavu hushika kama saruji, na ukuta unaweza kusimama wima hata matimba, yaani nguzo za mbao za kuegemeza, yakiwa machache. Maji yakiingia, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Udongo huongezeka uzito, chembe zake hupoteza mshiko, na maji yaliyonasa kwenye nyufa husukuma ukuta kuelekea shimoni. Tena maji huchukua muda kushuka. Mvua inaweza kukatika leo, jua likawaka kesho, na ukuta ukaanguka keshokutwa watu wakidhani hatari imepita.

Palipo na kazi za zamani, hatari ni mara mbili. Mgodi wa chini ya ardhi wa Geita, uliochimbwa tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Mgodi wa aina hiyo ukiachwa, pampu huzimwa na maji hurudi yalikokuwa. Mahandaki hujaa, nguzo za mbao huoza, na juu yake nyasi huota mpaka mpita njia asijue kuna nini chini. Anayechimba jirani bila ramani ya kazi za kale anaweza kutoboa ukuta unaozuia maji yote hayo.

Wapo watakaotaja Nyangarata, Kahama. Mwaka 2015 wachimbaji watano walitolewa hai huko baada ya kufukiwa kwa siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji yaliyochuruzika. Tuishangilie habari hiyo, lakini tusiifanye kanuni ya kazi. Wale walitolewa hai kwa sababu mahali walipokwama palibaki nafasi na hewa. Hakuna ajuaye atakwama wapi.

Sasa funzo lenyewe. Katika maduara mengi mchimbaji hana mshahara. Anagawiwa mifuko ya mawe. Siku asiyoshuka ni siku asiyoingiza kitu, na marufuku isiyo na ugali hutiiwa mpaka njaa ianze. Kwa hiyo anayepaswa kubeba gharama ya kungoja ni mwenye duara. Aweke akiba ya chakula cha watu wake tangu kiangazi, achimbe mitaro ya kuepusha maji, na asiruhusu kifusi kirundikwe ukingoni. Baada ya masika, lini kazi irudi isiamuliwe na yeye wala kiu yake ya dhahabu, bali na ukaguzi wa mtu anayeijua miamba.

Na aliye chini ajifunze ishara: ufa mpya ukingoni, kokoto zinazodondoka bila kuguswa, matimba yanayolia, maji safi yanayogeuka tope. Akiona mojawapo asisubiri ya pili, wala asimalize mfuko aliouanza. Atoke kwanza, aulize akiwa juu.