Heshima ya Shahidi

Kiswahili kina neno moja kwa watu wawili. Mtu aliyeona jambo akasimama mbele ya hakimu kulieleza huitwa shahidi. Na mtu aliyekufa kwa ajili ya imani yake huitwa shahidi vilevile. Aghalabu umoja huu wa jina hauleti taabu. Lakini mwandishi wa habari auawapo kazini, maana hizi mbili hukutana katika mtu mmoja, nasi tulio hai hatuna budi kuuliza: tumheshimu kwa kazi ya macho yake, au kwa namna alivyokufa?

Swali hili si geni kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini. Jumapili, tarehe 2 Septemba, 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu mno na mwili wake. Alikuwa mwandishi wa televisheni ya Channel Ten, na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wa Iringa. Siku hiyo alikwenda kutafuta habari za CHADEMA, chama kilichokuwa kikifungua tawi kijijini humo huku polisi wakizuia mikusanyiko. Julai 2016, Mahakama Kuu iliyoketi Iringa ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15. Umoja wa klabu za waandishi wa habari nchini ulianzisha tuzo yenye jina la marehemu.

Tuzo ni jambo jema. Hata hivyo, yafaa tuangalie tunasifu nini. Kifo cha Mwangosi hakikuwa kazi yake. Kilikuwa tendo la mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kwenda palipo na jambo, kutazama, kuuliza, na kurudi na habari. Tukimkumbuka kwa kifo peke yake, tumelipa tendo la muuaji nafasi kubwa kuliko maisha ya aliyeuawa. Tena damu haifanyi neno kuwa kweli. Watu wamekufa kwa ajili ya uongo, na wengine wamesema kweli wakafa vitandani mwao kwa uzee. Neno la shahidi husadikiwa kwa sababu alikuwapo, akaona, wala hakuongeza.

Ushahidi wa hoja hii umo katika msiba wenyewe. Mwangosi hakuwa mwandishi pekee pale Nyololo. Wenzake walikuwapo na kamera zao, na picha zilizomwonyesha akiwa amezungukwa na polisi zilitokea magazetini, nchi nzima ikaziona. Lau wasingalikuwapo, kifo kile kingalibaki kuwa neno la mnyonge dhidi ya neno la mwenye nguvu. Basi heshima ya kwanza aliyopewa marehemu haikuwa hotuba wala tuzo. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, iliyoendelezwa na wenzake saa ile ile ilipomkatikia mikononi.

Yuko atakayesema kwamba hakuna habari yenye thamani ya roho ya mtu. Neno hili ni la hekima, na kila mhariri ampelekaye kijana mahali pa hatari yampasa kulishika. Lakini ni onyo kwa aendaye, si udhuru kwa auaye. Wala halitufundishi la kufanya ikiwa kila mwenye macho atajihifadhi nyumbani. Hapo usalama wa shahidi utakuwa umenunuliwa kwa upofu wa jamii yake.

Barabara kuu ipitayo Nyololo huendelea kuelekea Mbeya, na si mbali nayo iko Ubaruku, katika mashamba ya mpunga ya wilaya ya Mbarali. Kwa miaka mingi bonde la Usangu limekuwa na mashauri mazito ya maji, ya malisho, na ya mipaka kati ya wakulima, wafugaji na hifadhi. Mashauri hayo huamuliwa mbali. Mkulima wa Ubaruku hana njia nyingi za kufikisha neno lake huko. Aghalabu humtegemea mwandishi wa mkoani, ambaye mara nyingi hana mkataba, hulipwa kwa kila habari iliyochapwa, na hujitafutia nauli. Huyu hajauawa, kwa hiyo hatumwimbii. Je, ni haki kwamba shahidi apate heshima yetu baada ya kunyamazishwa tu?

Tena wako wasiopata hata kaburi la kuwekewa shada. Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyeandika habari za mauaji ya Kibiti, alitoweka tarehe 21 Novemba, 2017. Tukingoja kifo kithibitike ndipo tumheshimu, tutangoja mpaka lini?

Kwa hiyo nasema kwamba shahidi wa pili hatuwezi kumheshimu kwa haki bila kumheshimu shahidi wa kwanza. Deni letu kwa Mwangosi halilipwi kwa machozi. Hulipwa tunapomlipa ujira wa haki mwandishi aliye hai, tunapomlinda kabla ya hatari, tunaposoma alichoandika na kukipima kwa uaminifu, na tunapokubali kusikia habari isiyotupendeza. Jamii iliayo juu ya makaburi ya mashahidi wake na kuwaziba midomo walio hai haijamheshimu yeyote.