Medali ya Tisa

Jumapili iliyopita baada ya ibada, vijana wawili walinishika pale nje kwenye viti vya plastiki wakaniuliza swali ambalo nimelala nalo wiki nzima. Tulikuwa tumesoma Yoshua 7, habari ya Akani aliyeficha vitu vilivyokatazwa hemani mwake, na Israeli wakapigwa kule Ai, watu kama thelathini na sita wakafa. Swali lilikuwa hili: wale thelathini na sita walikosa nini? Nikawapa jibu la haraka haraka, lile sisi mapasta tunatoa tukiwa na njaa. Halikuwatosha, na kusema ukweli hata mimi halikunitosha.

Mmoja wao hukimbia, kwa hivyo wacha nianzie uwanjani.

Usain Bolt alizaliwa mwaka wa 1986 kule Sherwood Content, kijiji cha Jamaika. Agosti 2008, kwenye Olimpiki ya Beijing, alishinda mita 100 kwa sekunde 9.69, tena akipunguza mwendo na kujipiga kifua kabla hajafika mwisho. Mita 200 akashinda kwa 19.30. Tarehe 22 ikaja zamu ya 4x100, ile ya kupokezana kijiti. Nesta Carter alianza, akampa Michael Frater, Frater akampa Bolt, Bolt akampa Asafa Powell. Sekunde 37.10, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata kule Berlin akakimbia 9.58 na 19.19, na hadi leo hakuna aliyezifikia. London 2012, dhahabu tatu. Rio 2016, dhahabu tatu. Jumla tisa. Sisi tumelelewa kwa mbio ndefu, lakini najua wengi wenu mliamka usiku kumwangalia.

Januari 2017 zile tisa zikawa nane. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki huhifadhi sampuli za wanariadha na kuzipima upya mbinu za maabara zikiboreka. Ile ya Carter ya 2008 ilipimwa tena mwaka wa 2016 ikakutwa na methylhexaneamine, kichangamshi kilichokatazwa. Wote wanne wakavuliwa medali. Carter alikata rufaa, ikatupwa mwaka wa 2018. Hakuna aliyemshtaki Bolt kwa lolote. Alikimbia mita zake za zamu ya tatu, akatoa kijiti vizuri, na miaka minane baadaye akaambiwa arudishe.

Nilipoisikia habari hiyo nilikasirika. Mtu anaadhibiwaje kwa kilichokuwa mwilini mwa mtu mwingine?

Lakini hebu tuangalie neno hilo, kuadhibiwa. Nilisomea biashara, na moja ya vitu vichache nilivyotoka navyo ni kwamba kulipa faini na kurudisha mali isiyo yako ni mambo mawili. Umenunua simu mtaani kwa nia safi, umelipa pesa yako, kumbe ni ya wizi. Mwenyewe akijitokeza, simu inarudi kwake. Hujafungwa, hujaitwa mwizi, lakini simu huna. Inauma, ila haikuwa yako hata siku ile uliyoitia mfukoni. Bolt hakufungiwa kukimbia. Agosti ya 2017 bado alikuwa uwanjani London. Zile medali nane alizoshinda bila mguu wa Carter wa Beijing hakuna aliyezigusa. Kilichoondoka ni kile tu ambacho hatua za Carter zilikuwa ndani yake.

Na kulikuwa na wenyewe. Trinidad na Tobago walimaliza wa pili kwa sekunde 38.06, Japani wa tatu, Brazil wa nne. Wabrazili walirudi nyumbani mikono mitupu. Mtu ataniambia Jamaika ilikuwa mbele karibu sekunde nzima, wangeshinda hata bila kile kichangamshi. Pengine. Lakini huwezi kuichukua 37.10 ukatoa mchango wa Carter pembeni ukaacha uliobaki. Kijiti ni kimoja.

Kuna kesi iliyokwenda kinyume. Marion Jones wa Marekani alikiri mwaka wa 2007 kwamba alitumia dawa, akapoteza medali zake zote tano za Sydney 2000. Wenzake wa mbio za vijiti nao wakanyang'anywa. Saba wakakata rufaa, na mwaka wa 2010 wakashinda, kwa sababu sheria zilizokuwepo mwaka wa 2000 hazikuruhusu timu nzima kuondolewa kwa kosa la mmoja. Niliwafurahia wale dada. Kisha nikakumbuka kwamba katika 4x100 Wafaransa walimaliza wa nne, nyuma ya Wamarekani. Huruma kwa wale saba ililipwa na Wafaransa, na hakuna aliyewauliza.

Kwa hivyo upande wa Bolt nimeridhika. Shida yangu ni nyingine, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kabla ya kuitwa katika huduma nilikuwa afisa wa mikopo. Tulikopesha vikundi vya akina mama, kila mmoja mdhamini wa wenzake. Mmoja akishindwa, kikundi kinalipa. Kikundi kimoja kilikuwa na mama fundi wa nguo ambaye hakuwahi kuchelewa hata wiki moja. Mwenzake alichukua mkopo akahama usiku. Wengine hawakuwa na kitu cha kushika. Huyu alikuwa na cherehani. Nilienda mimi mwenyewe na gari, nikiwa na karatasi aliyotia sahihi, na tukaibeba. Hakupiga kelele. Alitoa tu kitambaa kilichokuwa bado kwenye sindano, akakikunja.

Kwa miaka nilijiambia ni mambo ya Bolt: mmeingia pamoja, mnatoka pamoja. Nimepima tena wiki hii, na hesabu haikubali. Bolt alirudisha faida ambayo uchafu wa mwenzake ulikuwa ndani yake. Yule mama hakuona hata shilingi ya ule mkopo. Cherehani aliinunua kwa jasho lake. Kwake hatukurudisha chochote, tulichukua. Ndiyo, alitia sahihi. Lakini alitia sahihi kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya yeye pia kukopeshwa, na sisi tuliijua hofu yake kabla hatujachapisha ile fomu.

Wale thelathini na sita wako upande wa cherehani, si upande wa medali. Hawakuwa na chochote cha Akani cha kurudisha. Najua Ezekieli 18 inavyosema juu ya kila mtu na dhambi yake, na ninaiamini. Lakini sitawadanganya vijana wangu kwamba sura moja imenifungulia nyingine. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba mimi si Mungu wa Yoshua, na siku ile nilibeba kitu cha mtu nikiwa na muhuri wa ofisi.

Mwaka jana nilimtafuta. Nilimpata kwenye kibanda sokoni, akishona kwa mashine ya kukodi. Nikaomba msamaha. Alinitazama kidogo, akamalizia mshono aliokuwa nao, akaniuliza kama yule mwenzake aliwahi kupatikana.

Nikamwambia sijui.

"Ukimwona, Pasta," akasema, "mwambie bado tunakutana Jumatano."